Uhai wa Kisheria na Uhai wa Kazi: Historia ya Njia za Mafuta katika Pikapu za Kimarekani zenye Matangi Mawili, 1973–2015

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya njia za mafuta katika pikapu za Kimarekani zilizoundwa zikiwa na matangi mawili ya petroli, hususani zile zilizotoka viwandani kati ya mwaka 1973 na katikati ya miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba maamuzi kadhaa ya serikali na ya soko, yakiwamo yale ya usafi wa hewa, ya kumwaga chumvi barabarani na ya kuchanganya ethanoli katika petroli, yaliacha alama zake katika mabomba na mipira inayopita chini ya gari. Sheria zilizosimamia maamuzi hayo zililipangia gari uhai wa miaka michache, ilhali pikapu nyingi zilifanya kazi kwa miongo mitatu au zaidi. Pengo hilo lilizibwa na fundi na mmiliki, kwa fedha zao na kwa kuhatarisha usalama wao. Makala inahitimisha kuwa ubadilishaji wa njia za mafuta unastahili kusomwa kama sehemu ya historia ya sera, na si kama jambo la gereji peke yake.

1.0 Utangulizi

Historia ya gari nchini Marekani kwa muda mrefu imeandikwa kama historia ya uvumbuzi, viwanda na mauzo. Mwelekeo huo umepingwa na wanahistoria kadhaa. David Edgerton, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2006, alisisitiza kuwa teknolojia inapaswa kutazamwa kupitia matumizi na matengenezo yake, si kupitia siku ya kuzaliwa kwake tu. Kevin Borg, mwaka 2007, aliandika historia ya mafundi magari wa Marekani na namna maarifa yao yalivyopewa hadhi ya chini katika jamii. Kwa upande wa Afrika Mashariki, kitabu cha Joshua Grace cha mwaka 2021 kuhusu magari nchini Tanzania kimewaweka mafundi wa gereji katikati ya historia ya teknolojia, kama watu waliotengeneza maarifa na si waliopokea tu.

Makala hii inafuata njia hiyo hiyo, lakini inachagua kifaa kimoja kidogo ambacho hutajwa mara chache. Katika makala hii, neno "bomba" linatumika kwa njia ngumu ya chuma au nailoni. "Mpira" ni kiungo laini kinachounganisha bomba na tangi, pampu au injini. Na "njia ya mafuta" ni mfumo mzima unaojumuisha vyote viwili. Pikapu yenye matangi mawili imechaguliwa kwa sababu ndani yake mfumo huo ulifikia kiwango cha juu kabisa cha utata. Jambo lililo rahisi katika gari lenye tangi moja, yaani petroli kutoka nyuma na kufika mbele, lilihitaji humo valvu, swichi, pampu mbili na mabomba ya kwenda na kurudi.

Hoja imejengwa juu ya maandishi ya aina tatu: sheria na kanuni za serikali kuu ya Marekani, mwenendo wa mashauri yaliyofika mahakamani, na maelezo ya kiufundi yanayopatikana katika miongozo ya matengenezo. Aina hii ya mwisho ina uzito wa pekee. Mwongozo wa matengenezo huandikwa ili mtu mwingine aweze kufanya kazi, na kwa hiyo hueleza mambo ambayo sheria na hukumu huyapita kimya.

2.0 Chimbuko la Matangi Mawili

Ni kawaida kusikia kwamba matangi mawili yalizaliwa na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973. Dai hilo halilingani na mpangilio wa matukio. Pikapu zenye tangi la ziada zilikuwapo tayari katika miaka ya 1960. Wakati huo tangi kuu liliwekwa ndani ya kibini, nyuma ya kiti cha dereva, na mnunuzi aliyehitaji akiba zaidi aliweza kuagiza tangi la pili. Mpangilio ulibadilika katika magari ya mwaka 1973. Kampuni ya General Motors ililitoa tangi kibinini na kulipeleka ubavuni, nje ya fremu. Ford nayo ililiondoa tangi kibinini na kulipeleka chini ya bodi. Magari hayo yalibuniwa na kuanza kuuzwa kabla ya nchi za Kiarabu zinazouza mafuta kutangaza vikwazo mwezi Oktoba 1973.

Sababu za awali zilikuwa za kazi. Pikapu ilitumika shambani na katika maeneo ya ujenzi, na pia kubebea vibanda vya kulala safarini. Injini kubwa ya V8 yenye mzigo ilitumia petroli kwa wingi. Kwa kiwango cha maili 12 kwa galoni moja, tangi la galoni 20 lilimfikisha dereva umbali wa maili 240, sawa na takribani kilomita 386. Matangi mawili ya ukubwa huo, kama yale ya pikapu za General Motors zenye bodi refu, yaliongeza umbali huo hadi maili 480. Kwa mkulima aliyeishi mbali na kituo cha mafuta, tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa ratiba ya siku yake.

Vikwazo vya 1973 havikuleta matangi mawili, bali viliyapa maana mpya. Mwezi Novemba mwaka huo Rais Richard Nixon aliviomba vituo vya mafuta visiuze petroli siku za Jumapili. Mwanzoni mwa 1974 kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa kiliwekwa kisheria, na baadhi ya majimbo yakaanza kugawa siku za kununua mafuta kwa kufuata namba za magari, shufwa siku moja na witiri siku nyingine. Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Katika mazingira hayo, tangi la pili lilikuwa akiba ya kaya. Mtu aliyejaza matangi yote mawili hakulazimika kusimama kwenye foleni wiki nzima.

Hata hivyo, akiba hiyo ilikuwa na gharama ambayo haikuonekana kwenye bei ya gari jipya. Kila tangi lililoongezwa lilihitaji njia zake, na kila kiungo katika njia hizo kilikuwa mahali ambapo uvujaji ungeweza kutokea siku zijazo.

3.0 Kutoka Njia Moja hadi Milango Sita

Pikapu ya zamani yenye kabureta ilikuwa na mfumo mwepesi. Pampu iliyofungwa kwenye injini ilivuta petroli kutoka tangini na kuisukuma kwenye kabureta kwa shinikizo dogo, kwa kawaida kati ya pauni 4 na 7 kwa inchi ya mraba. Kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ilikuwa upande wa kuvuta, tundu dogo kwenye bomba halikurusha mafuta nje injini ilipokuwa ikifanya kazi. Liliingiza hewa ndani. Injini ilikohoa, ikakosa nguvu mlimani, na dereva akajua kuna hitilafu. Udhaifu wa mfumo ulijitangaza kabla ya kuleta maafa. Uchaguzi wa tangi ulifanywa kwa valvu ya mkono iliyowekwa karibu na kiti. Baadaye ikaja valvu ya umeme iliyoendeshwa kwa swichi ya kwenye dashibodi, na swichi hiyo hiyo ikahamisha geji ya mafuta kutoka tangi moja hadi jingine.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliletwa na siasa za hewa safi. California ilidai udhibiti wa mvuke wa petroli kwa magari ya mwaka 1970, na serikali kuu ikafuata kwa magari ya mwaka 1971. Mvuke uliokuwa ukitoka tangini kwenda angani sasa ulipaswa kukusanywa katika kopo lenye mkaa na kuchomwa ndani ya injini. Hivyo bomba la mvuke liliongezwa, na katika gari lenye matangi mawili mabomba hayo yalikuwa mawili. Watengenezaji nao walitafuta nafasi ndani ya kanuni. Ford ilipoanzisha F-150 mwaka 1975, iliipa uzito unaoruhusiwa uliovuka pauni 6,000, kiwango ambacho juu yake masharti ya udhibiti wa moshi yalikuwa mepesi. Pikapu ya kazi ikawa mahali ambapo sheria na ukwepaji wa sheria vilikaa pamoja katika fremu moja.

Mabadiliko ya pili yalikuwa makubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 kabureta ilianza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Pampu ikahamia ndani ya tangi au kwenye fremu. Shinikizo katika mfumo wa General Motors wa kunyunyiza mafuta mdomoni mwa injini lilikuwa takribani pauni 9 hadi 13 kwa inchi ya mraba. Katika mfumo wa Ford lilizidi pauni 30. Mfumo uliokuwa wa kuvuta ukawa wa kusukuma. Tundu ambalo zamani liliingiza hewa sasa lilirusha petroli nje, mara nyingi bila dereva kuhisi badiliko lolote katika nguvu ya injini.

Aidha, pampu ya umeme ilipeleka petroli nyingi kuliko iliyohitajika, na ziada ilipaswa kurudi tangini. Katika gari lenye matangi mawili suala hili lilikuwa nyeti: ziada ilipaswa kurudi katika tangi lile lile ilikotoka. Suluhisho lililotumika sana lilikuwa valvu yenye milango sita. Milango miwili ilipokea mafuta kutoka matangi, miwili ilirudisha ziada kwenye matangi, mmoja ulipeleka kwenye injini na mwingine ulipokea kutoka kwenye injini. Kufikia 1990 Ford ilichukua njia nyingine kwa kuweka pampu na valvu ndogo za kuzuia mrejeo ndani ya kila tangi, ili mtiririko ujichagulie njia kulingana na pampu inayofanya kazi. Mpango huo uliondoa valvu kubwa ya kwenye fremu, lakini valvu ndogo ilipochakaa, petroli iliyotoka tangi la mbele iliweza kurudi katika tangi la nyuma. Tangi lililojaa lingezidi kujazwa hadi mafuta yamwagike kwenye mdomo wa kujazia.

Kwa hiyo, katika muda usiozidi miaka ishirini, mfumo wa bomba moja la kuvuta ulikuwa umegeuka kuwa mtandao wenye shinikizo, wenye kwenda na kurudi, na wenye njia ya mvuke pembeni. Mmiliki hakuona badiliko lolote kwenye dashibodi. Swichi ilibaki moja, yenye pande mbili.

4.0 Chumvi, Kutu na Ethanoli

Mtandao huo ulikutana na maadui wawili, mmoja akiutafuna kwa nje na mwingine kwa ndani. Wote wawili waliletwa na sera za umma.

Adui wa nje ni chumvi ya barabarani. New Hampshire, katika majira ya baridi ya 1941–1942, lilikuwa jimbo la kwanza kuwa na sera ya jumla ya kumwaga chumvi ili kuyeyusha barafu. Baada ya vita vya pili vya dunia sera hiyo ilienea katika majimbo ya kaskazini mashariki na ya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani. Barabara safi wakati wa theluji iliokoa maisha na muda wa watu. Wakati huo huo, maji ya chumvi yalirushwa na magurudumu chini ya gari na kukaa mahali pasipofikiwa na hewa. Mabomba ya chuma ya pikapu yalipita kando ya fremu na kushikiliwa na klipu. Chini ya kila klipu tope lenye chumvi lilijikusanya, na hapo ndipo kutu ilipoanzia. Bomba lingeweza kuonekana zima kwa urefu wa mita moja, kumbe limeliwa sentimita mbili chini ya klipu. Kutokana na hali hiyo, pikapu mbili za mwaka mmoja, moja ya Arizona na nyingine ya Michigan, zilikuwa na historia mbili tofauti baada ya miaka 20.

Adui wa ndani ni badiliko la mafuta yenyewe. Mipira ya magari ya miaka ya 1970 ilitengenezwa kwa kufikiria petroli ya wakati ule. Mwaka 1978 sheria ya kodi ya nishati ilisamehe kodi ya senti 4 kwa galoni kwa petroli iliyochanganywa na asilimia 10 ya ethanoli, kwa lengo la kupunguza utegemezi wa mafuta ya nje na kuwapa soko wakulima wa mahindi. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 yaliongeza mahitaji ya petroli yenye oksijeni. Hatimaye sheria za nishati za 2005 na 2007 ziliweka viwango vya lazima vya nishati itokanayo na mimea, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 sehemu kubwa ya petroli iliyouzwa nchini humo ilikuwa na ethanoli hadi asilimia 10.

Ethanoli hufanya mambo mawili. Kwanza, huvuta maji, na maji hayo huanzisha kutu ndani ya tangi na bomba. Pili, huathiri baadhi ya mipira ya zamani, ikaivimbisha, ikailainisha, au ikaiacha ikikauka na kupasuka. Viwanda vilikuwa na jibu. Mpira wa aina ya fluoro, ambao DuPont iliuingiza sokoni mwaka 1957 kwa jina la Viton, unastahimili mafuta hayo vizuri zaidi. Viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, vilitofautisha mipira kwa matumizi: daraja la J30R7 kwa kabureta, marejeo na mvuke, J30R9 kwa mifumo ya nozeli yenye shinikizo, na J30R10 kwa mpira unaozama ndani ya tangi. Tofauti hii ya mwisho hupuuzwa mara nyingi. Mpira wa kawaida hulindwa na petroli kwa upande wa ndani tu. Ukizamishwa tangini, hushambuliwa kwa nje, mahali ambapo haukukusudiwa kuguswa na mafuta.

Serikali yenyewe ilitambua kwamba magari ya zamani yalikuwa kundi la pekee. Shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, EPA, liliporuhusu petroli yenye ethanoli asilimia 15 kwa maamuzi ya Oktoba 2010 na Januari 2011, ruhusa hiyo ilihusu magari ya mwaka 2001 na kuendelea. Magari ya 2000 na nyuma yake yaliachwa nje. Uamuzi huo uliyalinda dhidi ya mchanganyiko mpya, lakini haukusema lolote kuhusu asilimia 10 iliyokuwa tayari ndani ya matangi yake, wala kuhusu mtu ambaye angelipia mipira iliyochakaa.

5.0 Kazi ya Kubadilisha Njia

Sehemu hii inaeleza kazi yenyewe, kwa kuwa ndani yake maamuzi yaliyotajwa hapo juu hukutana mikononi mwa mtu mmoja.

Kazi huanza kwa kuondoa shinikizo. Katika gari lenye nozeli, umeme wa pampu hukatwa na injini huachwa izime yenyewe, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Petroli hutolewa katika matangi yote mawili na kuwekwa kwenye vyombo vyenye vifuniko. Taa ya balbu ya kawaida hairuhusiwi karibu, kwa sababu balbu ikipasuka huweza kuwasha mvuke. Baada ya hapo fundi huchagua moja kati ya mawili: kushusha tangi kwa kufungua mikanda yake, au kufungua boliti za bodi na kuliinua ili kufikia mabomba kutoka juu. Katika gari la eneo lenye chumvi uamuzi huo hutegemea kutu. Boliti ya mkanda ikikatika, tangi huanguka. Boliti ya bodi ikigoma, saa kadhaa hupotea.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari ya kimyakimya, nayo ni kutambua njia. Kwa kawaida bomba la kupeleka lina kipenyo kikubwa kuliko la kurudisha, mathalani inchi 3/8, lakini baada ya miaka 30 ya matengenezo ya watu mbalimbali ukubwa huo si ushahidi wa kutosha. Miongozo husisitiza kuweka alama kwenye kila bomba kabla ya kulifungua. Sababu iko kwenye valvu ya milango sita. Njia za kurudisha zikibadilishana nafasi, injini itawaka vizuri, swichi itafanya kazi, na fundi ataamini kuwa amemaliza. Ni baada ya safari ndefu ndipo tangi moja litakapokauka na jingine kufurika. Kosa la namna hii haliwezi kuonekana kwa macho. Hugunduliwa kwa kipimo tu: kuweka galoni chache katika kila tangi, kuendesha injini kwa tangi la mbele, na kuangalia kama kiwango cha tangi la nyuma kinapanda. Kisha jaribio hurudiwa kwa upande wa pili.

Uchaguzi wa vifaa nao una historia. Bomba jipya la chuma lenye ganda la kuzuia kutu hufuata umbo la kiwandani, lakini ni gumu kulipitisha bila kuinua bodi. Bomba la mchanganyiko wa nikeli na shaba hukunjika kwa mkono na halishiki kutu kwa urahisi. Nailoni ni nyepesi, ila huhitaji viungio vyake na kuwekwa mbali na bomba la moshi. Kishawishi kikubwa ni kukata sehemu iliyooza na kuziba pengo kwa mpira mrefu na klampu mbili. Katika gari la kabureta kiraka hicho kiliweza kudumu. Katika gari lenye shinikizo la pauni 30 na zaidi, mpira uliovishwa kwenye ncha laini ya bomba lisilo na ukingo unaweza kuchomoka, na klampu ya aina isiyofaa huweza kuukata. Ujuzi uliotosha mwaka 1975 ulikuwa hatari kufikia 1990, ingawa pikapu mbili hizo zilifanana kwa mtazamo wa aliyelala chini yake.

Hapa ndipo maarifa ya fundi yanapopata sura ya kihistoria. Anayebadilisha njia hizi anatakiwa kujua gari lilizaliwa kabla au baada ya nozeli, liliishi kwenye chumvi au kwenye ukavu, na linanyweshwa petroli ya enzi gani. Akikosea tarehe, anakosea mpira.

6.0 Tangi Mahakamani, Bomba Gerejini

Pikapu zenye matangi ya ubavuni zilipata nafasi kubwa katika kumbukumbu za umma, lakini si kwa sababu ya mabomba yake. Mjadala ulihusu mahali tangi lilipowekwa katika pikapu za General Motors za 1973 hadi 1987, nje ya fremu, na moto uliofuata baadhi ya ajali za kugongwa ubavuni. Novemba 1992 kituo cha televisheni cha NBC kilirusha kipindi kilichoonyesha jaribio la mgongano. Februari 1993 kituo hicho kiliomba radhi hadharani baada ya kubainika kuwa viwashio vilikuwa vimefungwa kwenye magari hayo. Mwezi huo huo baraza la mahakama mjini Atlanta liliamuru familia moja ilipwe zaidi ya dola milioni 105, hukumu iliyotenguliwa na mahakama ya rufaa ya Georgia mwaka 1994. Oktoba 1994 Waziri wa Uchukuzi, Federico Peña, alitangaza uamuzi wa awali kwamba magari hayo yalikuwa na kasoro. Desemba mwaka huo suala hilo lilimalizwa kwa makubaliano: kampuni ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 51 kwa programu za usalama, na magari hayakurudishwa kiwandani. Katika shauri la wamiliki, pendekezo la kuwapa kuponi za dola 1,000 za kununulia gari jipya lilikataliwa na mahakama ya rufaa ya serikali kuu mwaka 1995.

Shauri hilo linafundisha jambo kuhusu mwelekeo wa kumbukumbu. Mgongano hutokea kwa sekunde, una picha na una mlalamikaji. Uvujaji wa bomba hutokea kwa miaka, hauna tarehe, na mlalamikaji wake ni mmiliki ambaye atajibiwa kuwa gari lake ni kuukuu. Mahakama na wanahabari walilishughulikia tangi. Bomba liliachiwa gereji.

Kuachiwa huko hakukuwa bahati mbaya. Kulijengwa ndani ya sheria zenyewe kupitia dhana ambayo makala hii inaiita uhai wa kisheria. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilipima uhai wa gari dogo kwa miaka 5 au maili 50,000. Wajibu wa mtengenezaji kurekebisha kasoro ya usalama bila malipo uliwekewa kikomo cha miaka 8 mwaka 1974, ukaongezwa hadi miaka 10 mwaka 2000 na miaka 15 mwaka 2015. Pikapu ya mwaka 1985 iko nje ya vipimo vyote hivyo. Uhai wake wa kazi, hata hivyo, unaendelea: bado inabeba kuni, majani ya mifugo na vifaa vya ujenzi.

Mfano wa karibu unapatikana katika mabomba ya breki. Aprili 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu, NHTSA, ilifunga uchunguzi wa kutu kwenye mabomba ya breki ya pikapu na magari makubwa ya General Motors ya 1999 hadi 2003. Ilihitimisha kuwa tatizo lilitokana na uchakavu wa magari yaliyofikia mwisho wa uhai katika majimbo yenye chumvi, na ikawashauri wamiliki waoshe chini ya magari na kukagua mabomba yao. Hoja hiyo ina mantiki ya kihandisi, kwa sababu hakuna chuma kisichochakaa. Lakini kihistoria inaonyesha mgawanyo wa majukumu. Chumvi ilimwagwa na umma kwa manufaa ya umma, na bomba likalipiwa na mtu binafsi.

Inaweza kupingwa kwamba kila chombo kina kikomo, na kwamba mtu anayeendelea kutumia gari la miaka 30 amejitwika hatari kwa hiari. Pingamizi hilo lina uzito kwa anayelihifadhi gari kwa mapenzi. Halina uzito ule ule kwa mtu anayelitumia kwa sababu hana uwezo wa kununua jingine. Kufikia miaka ya 2020 umri wa wastani wa magari katika barabara za Marekani ulikuwa umezidi miaka 12. Kwa maana hiyo, uhai unaovuka ule wa miaka 5 uliokadiriwa mwaka 1970 si jambo la wachache.

7.0 Hitimisho

Matangi mawili yaliondoka polepole. Pikapu mpya ya General Motors ya mwaka 1988 ilirudisha tangi ndani ya fremu, na F-150 mpya ya mwaka 1997 ilikuja na tangi moja. Kanuni mpya za kupima mvuke na mifumo ya kompyuta ya kujikagua, zilizoanza na magari ya katikati ya miaka ya 1990, zilifanya mtandao wa njia mbili kuwa mzigo. Teknolojia iliyoachwa na viwanda, hata hivyo, haikuachwa na watumiaji.

Makala imeonyesha mambo matatu. Kwanza, njia za mafuta za pikapu hizi ni kumbukumbu ya tabaka: bomba la mvuke la siasa za hewa safi, shinikizo la enzi ya nozeli, kutu ya sera ya barabara, na mpira uliolainishwa na sera ya ethanoli. Pili, kila sera ilikuwa na sababu nzuri na kila moja ilihesabu gharama zake ndani ya uhai wa kisheria wa gari, ikiiacha sehemu iliyobaki ya uhai bila mwenyewe. Tatu, sehemu hiyo ilipata mwenyewe: fundi wa gereji, au mmiliki aliyelala juu ya sakafu akiweka alama kwenye mabomba sita kabla ya kuyafungua.

Kwa watafiti wa historia ya teknolojia, hitimisho hili lina athari ya kimbinu. Utafiti unaoishia siku gari linapouzwa, au siku dhamana inapokwisha, utaona sera zikifanikiwa. Utafiti unaoendelea hadi chini ya fremu, miaka thelathini baadaye, utaona gharama zake zilikokwenda. Pale Marekani, gharama hizo zilikwenda kwa watu wenye magari ya zamani zaidi na, mara nyingi, wenye fedha chache zaidi. Na usalama wa wengine barabarani ukategemea kama mtu huyo alichagua mpira sahihi.